Wati za Dukani

Baada ya amplifaya yangu ya zamani kuungua, nilikwenda Kariakoo kutafuta nyingine ya bei nafuu. Mstaafu hahitaji makubwa. Mwaka 1978 kampuni ya NAD ilitoa amplifaya iitwayo 3020, ya wati 20 tu kila upande, yenye humo humo sehemu ya kukuza sauti hafifu ya sindano ya santuri, nayo ikasifiwa sana na wajuzi. Ukizidisha wati mara mbili, sauti huongezeka desibeli 3 tu. Sikio la kijana hulitambua hilo kwa shida, sembuse langu.

Mwenye duka alinipatia iliyotumika, akanipunguzia shilingi 30,000 kwa heshima ya mvi. Kando yangu kijana mmoja alikuwa akihesabu noti anunue redio iliyoandikwa "wati 1,200". Niliigeuza. Nyuma, kwa herufi ndogo, imeandikwa kuwa inakula umeme wa wati 60. Chombo hakiwezi kutoa mfululizo nguvu inayozidi ile inayoingia. Hayo niliwafundisha walimu miaka mingi.

Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba kijana ameipenda mwenyewe, kwamba maandishi yale hayakufichwa, kwamba mzee hajipachiki katika biashara ya watu. Lakini, ndugu msomaji, kama nisingepunguziwa bei je? Nadhani ningesema, tena kwa sauti ya darasani.

Amplifaya inapiga vizuri. Kijana yule sijui anakaa wapi.