Kinywa cha mama: juu ya kulea mtoto asiye wa damu yako

Swali moja limerudi mara nyingi katika barza zetu tangu vita vya 1993, na tangu 2022 linaulizwa kwa sauti ya juu zaidi: ukimpokea mtoto asiye wa ukoo wako, ukamlisha, ukamsomesha, umepata mtoto ao umejifugia adui nyumbani? Wanaouliza si watu wabaya. Ni mama wa watoto watano huko Masisi anayeombwa kuongeza wa sita. Ni mzee wa kijiji kimoja cha Walikale aliyeona familia zinafika usiku bila kitu mkononi. Na karibu kila mara kuna mmoja anayekata maneno kwa mfano wa wanyama: kila kiumbe kinapenda damu yake, basi na sisi tuwe vile. Inafaa tusimame kidogo kwenye mfano huo. Tumechagua samaki, sababu wale wa mabwawa yetu wanajua kulea kuliko watu wanavyofikiri.

Tilapia tunamjua wote. Serikali ya Wabelgiji ilisukuma watu wamfuge katika miaka ya 1940 na 1950, mpaka Kongo ikawa na mabwawa zaidi ya 100,000. Dume anachimba shimo la mviringo kwenye matope, jike anataga humo, kisha anayaokota mayai na kuyaweka kinywani mwake. Yanaanguliwa mle mle. Vifaranga wakianza kuogelea wanatoka kidogo kutafuta chakula, na wakiona hatari wanakimbilia tena kinywani. Kwenye maji ya joto kazi hii inachukua karibu wiki mbili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo mama hali kitu. Huku juu Masisi, penye vilima vya mita zaidi ya 1,500, maji ni baridi na tilapia anazaa kwa shida. Kule Walikale kwenye joto anazaa mpaka bwawa linajaa visamaki visivyokua, mwenye bwawa anabaki kulalamika. Kumbe kuzaa na kukuza si kazi moja, hata ndani ya maji.

Tilapia ni wa jamii kubwa ambayo wataalamu wanaiita siklidi. Ziwa Tanganyika peke yake lina aina zaidi ya 200 za jamii hii, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Tangu miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard akiwa Bujumbura, samaki hawa walisafirishwa wakiwa hai kwenda Ulaya na Marekani. Huko watu wanawafuga nyumbani ndani ya akwariamu, yaani sanduku la kioo, na kuwazalisha. Wafugaji hao wana desturi moja ambayo ingewashangaza bibi zetu. Wanamkamata mama mwenye kinywa kilichojaa, wanamfungua taratibu, vifaranga wanadondoka kwenye chombo cha pembeni. Kule wanalishwa vijidudu vidogo vidogo vya maji, maji yanabadilishwa mara kwa mara, na wengi wanapona. Kama wangebaki katikati ya samaki wengine, sehemu kubwa wangeliwa. Kwa hesabu ya vichwa, mfugaji amemshinda mama.

Lakini amelea? Hapa kuna jambo ambalo watafiti wa chuo kikuu cha Bern, Uswisi, walilipima kwa samaki mmoja mdogo wa Tanganyika, Neolamprologus pulcher. Huyu habebi watoto kinywani. Anaishi kwa kaya, kando ya mawe. Watoto wa uzao wa kwanza hawafukuzwi wakikua; wanabaki, wanapepea mayai ya wadogo wao, wanachota mchanga unaoziba mlango, wanafukuza wezi. Katika utafiti uliotangazwa 2010, vifaranga wengine walikuzwa pamoja na wakubwa, wengine wakakuzwa wao kwa wao, watoto watupu. Baadaye, walipokutanishwa na wengine penye ugomvi wa makao, wale waliokua na wakubwa walijua zaidi namna ya kujichukua: wakati wa kusimama imara na wakati wa kujishusha mbele ya mwenye nguvu. Wenzao hawakunyimwa chakula. Walikosa mtu wa kumtazama.

Tuwaze basi juu ya watoto wetu waliokulia kambini, pale Bulengo ao Kanyaruchinya, kabla kambi za kandokando ya Goma hazijavunjwa mwanzoni mwa 2025. Wengine walipata unga na mafuta. Waliomkosa mkubwa wa kukaa naye jioni walikuwa wengi, na chakula cha msaada hakikuziba pengo lile. Tukisema "tumewalea watoto wa vita" kwa sababu tumewalisha, tunahesabu kama mfugaji wa sanduku la kioo.

Tena kuna jambo la pili kwa samaki yule wa Bern, na wanaopenda kusema "damu" walisikilize. Wasaidizi wengi katika kaya ile si wa damu ya wazazi waliomo. Mama anakufa, dume anaondolewa na mwingine, kaya inabaki, na msaidizi anaendelea kupepea mayai yasiyo ya ndugu zake. Anakubaliwa kwa sababu anafanya kazi. Akizembea, anaweza kupigwa. Si upendo wa malaika. Ni mapatano, na yanashikamana.

Tunajua atakayetujibu. Atatuletea samaki mwingine wa ziwa lilelile, mwenye ndevu na madoadoa meusi, Synodontis multipunctatus, wa jamii ya wale ambao Tanzania wanaitwa gogogo. Habari yake ni ya kweli na ni chungu, hatutaificha. Mjapani Tetsu Sato aliiandika mwaka 1986. Siklidi wanapotaga, huyu wa ndevu anapenya katikati yao na kutaga upesi. Mama wa siklidi anaokota mayai yote bila kuchagua. Ya mgeni yanaanguliwa mbele, na vitoto vyake, vikimaliza kiini cha yai, vinaanza kula watoto wa mwenye nyumba mle mle kinywani. Mama anashinda njaa akibeba wauaji wa watoto wake, mpaka siku ya kuwatema.

Mfano huu ni mtamu sana kwa mchochezi. Tumewahi kusikia maneno yanayofanana na huo yakisemwa juu ya kabila hili na lile, na tumeona yalikotufikisha. Ndiyo maana tunauliza: ndani ya kinywa kile mna nini? Hamna chakula kingine. Mna giza, na mama asiyeweza kuona, kuonya wala kutenganisha. Kitoto cha ndevu hakikuchagua kula wenzake. Lakini nyumba ya mtu ina sufuria, ina fimbo, ina jina la kumwita mtoto, ina miaka kumi na mitano ya kusemezana. Mtoto aliyefika kwako akiwa na miaka minne hajaleta vita tumboni mwake. Akija kuinua panga siku moja, tutauliza kwanza nani alimfundisha, na mara nyingi jibu litapatikana kwa wakubwa wa pande zote. Hatusemi samaki wa Bern anatuamuru kupokea. Samaki haamuru mtu. Tunasema tu kwamba yule anayetafuta majini sheria ya kumfukuza mtoto hataipata.

Watu wa Walikale wana ushuhuda wa zamani zaidi. Katika masimulizi ya Wanyanga juu ya Mwindo, aliyoyasimulia mzee Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapwa 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, anayetaka kuua ni baba mzazi. Shemwindo hataki mtoto wa kiume, anamfunga ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Anayeipasua ngoma mtoto akatoka ni shangazi, Iyangura, aliyeolewa mbali kwa Mukiti, nyoka wa maji. Ni ndugu wa baba, ndiyo, hatusemi ni mgeni kabisa. Lakini damu iliyo karibu zaidi ndiyo iliyotupa.

Limebaki jambo la gharama, na hapa wafugaji wa akwariamu wana akili ambayo sisi hatuna. Mama aliyemaliza kubeba hawamrudishi mara moja kati ya wenzake. Amekonda, watampiga. Wanamweka kando siku kadhaa, ale kwanza. Kwetu, bibi aliyepokea watoto wanne wa watu anaandikwa kwenye daftari kama anwani tu: watoto wanne, kwa bibi fulani. Unga unahesabiwa kwa wanne. Katika mkutano wetu ujao tunaomba daftari la kila kijiji lifunguliwe, na safu ya tano iandikwe jina lake.