HAKI YA MNYAMA ALIYEZEEKA NA KUACHA KULA

Karatasi ya Ijumaa. Isomwe nyumbani. Imamu akihutubu, tusikilize.

Bismillahi Rahmani Rahim

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila chenye roho na akaijua njaa yake kabla hakijalia. Tunamshukuru, tunamwomba msaada na msamaha, na tunajilinda kwake na shari za nafsi zetu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na wote waliowafuata kwa wema. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nawausia nyinyi na ninaiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Kumcha kwenyewe ni msikitini na ni nyumbani, ni mbele ya watu na ni nyuma ya nyumba, pale penye kibanda cha wanyama ambapo hakuna anayetuona ila Yeye.

Leo tutazungumza juu ya sungura. Asicheke mtu. Majuma machache yaliyopita, baada ya sala, mama mmoja alinisubiri mlangoni. Ni mjane. Alitoka upande wa Beni akakimbilia hapa Butembo na watoto wake, na juu ya mizigo alibeba kapu lenye sungura jike mmoja. Sungura huyo alinunuliwa na marehemu mume wake. Kabla ya mwaka 2019, shule za msingi za serikali zilipokuwa bado zinalipiwa, watoto wa sungura huyo ndio waliouzwa sokoni, pesa ikawa minervali, madaftari na sabuni. Sasa ana miaka minane. Hazai tena. Na tangu jana yake alikuwa hagusi majani.

Shemeji yake alikwisha kusema: mpeleke sokoni leo kabla hajakufa, mnunuzi hatajua. Binti yake mdogo alikuwa amekesha naye karibu na moto, anamshika masikio kuona kama yana joto. Mama akaniuliza: "Sheikh, nikimwacha huyu sungura nina dhambi? Na nikimhudumia, hali watu wetu wanauawa kule Beni, siyo dhambi vilevile?"

Nilimwambia: mama, maswali yako ni mawili na yote yana jibu. Khutba hii ni majibu yake, kwa sababu nyumba nyingi hapa zina sungura, kuku au mbuzi, na kila mnyama huzeeka.

Ndugu zangu, tuanze na lililo wazi. Sungura ni halali. Anas bin Malik (R.A.) amesimulia kwamba walimfukuza sungura mahali panapoitwa Marr Dhahran, wenzake wakachoka, yeye akamkamata, Abu Talha akamchinja na akampelekea Mtume (S.A.W.) sehemu ya mapaja, naye akaipokea. Basi hakuna ubaya kufuga sungura ili kumla au kumuuza. Anayemchinja kwa njia ya sheria hana lawama. Lakini uhalali wa nyama ni jambo moja, na haki ya mnyama angali hai ni jambo lingine.

Haki hiyo wanazuoni wetu waliiandika zamani. Imamu Izzuddin bin Abdissalam, aliyezaliwa Damascus na kufariki Cairo mwaka 660 wa Hijra, sawa na 1262, aliorodhesha katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam haki za wanyama juu ya binadamu. Ya mwanzo kabisa ni kwamba mwenye mnyama amlishe na kumtunza, hata kama mnyama amezeeka au ameugua kiasi cha kutokuwa na faida tena. Kisha akataja kwamba asibebeshwe asiloliweza, asiwekwe pamoja na kinachomdhuru, apewe mahali pazuri pa kupumzika, na watoto wake wasichinjwe mbele ya macho yake. Fikirini: ni karibu miaka 760 tangu imamu huyo afariki, na alikwisha kumjua sungura wa mjane wetu.

Kwa nini alitaja uzee na ugonjwa? Kwa sababu mnyama mwenye faida hana haja ya kutetewa sana. Mbuzi anayetoa maziwa hulishwa na tamaa ya mwenyewe. Haki inajulikana siku faida inapokwisha. Hapo ndipo mtu anajua kama alikuwa akimlisha mnyama au akiulisha mfuko wake.

Na msingi wa imamu huyo ni mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Aliingia siku moja katika shamba la mmoja wa Maansari, akamkuta ngamia. Ngamia alipomwona aliguna na machozi yakamtoka. Mtume akamkaribia, akampangusa nyuma ya masikio mpaka akatulia. Akauliza mwenyewe ni nani. Akaja kijana wa Kiansari. Akamkumbusha kumwogopa Mwenyezi Mungu katika mnyama aliyemilikishwa, na akamwambia kwamba ngamia amelalamika: unamtia njaa na unamchosha. Angalieni, ndugu zangu: mkono kwanza, mnyama akatulia, kisha ndipo mwenye mali akaulizwa.

Mnayajua pia ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Hakumpiga wala hakumkata. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Basi anayesema "mimi sikumfanya kitu huyu mnyama" na asome habari hiyo tena. Mnyama aliyefungwa kibandani hana mguu wa kwenda porini. Kutomfanya kitu ndiko kumfanya.

Sasa shemeji. Simdharau, naye anafikiri njaa ya watoto. Lakini kumpeleka mnyama mgonjwa sokoni na kuficha ugonjwa wake ni ghushi. Mtume (S.A.W.) alipitia rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, na akatuhadharisha kwamba anayewaghushi Waislamu hakufuata njia yake. Sungura mgonjwa chini ya kitambaa ni ile nafaka yenye maji. Na anayenunua huenda ni mjane mwingine, atampeleka kwake, na wale wazima wake wataambukizwa. Mtume (S.A.W.) alikataza wanyama wagonjwa kuletwa pamoja na wazima.

Basi mwenye mnyama wa namna hii ana njia nne za halali. Amhudumie. Au akishindwa kabisa, ampe mwenye uwezo wa kumhudumia. Au amuuze na aseme kasoro yake yote. Au amchinje angali na uhai kamili, kwa kisu kilichonolewa mbali na macho yake, bila kumburuta, na asile nyama yake kama ugonjwa wenyewe una madhara au kama siku za dawa hazijaisha. Akifa mwenyewe ni nyamafu: azikwe, asiliwe, asiuzwe, asitupwe mtoni wala njiani.

Nasema haya na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillah, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Ndugu zangu, huruma bila elimu inaweza kuua. Wapo waliompenda mnyama na wakammaliza kwa dawa. Kwa hiyo sikilizeni kidogo wanayosema wanaojua mifugo.

Sungura si kama mbuzi wala paka. Tumbo lake linataka kufanya kazi mchana na usiku, na hawezi kutapika. Asipokula siku moja nzima tayari ni hatari. Usingoje soko la juma lijalo. Dalili ni hizi: mavi yanakuwa madogo au yanakoma, anajikunja pembeni, anasaga meno kwa maumivu, masikio yanapoa. Ukiona kidevu kimelowa mate, angalia meno. Meno ya sungura hukua maisha yake yote, na huliwa na majani magumu anayotafuna. Kwa sungura mzee huweza kwenda upande, yakamchoma ulimi na shavu. Anatamani kula na hawezi. Huyo hana kiburi, ana kidonda mdomoni, na daktari wa mifugo anaweza kuyapunguza meno hayo.

Mpe maji safi. Mpe majani mabichi ya namna mbalimbali, yaliyokauka umande, na nyasi kavu. Akishindwa kutafuna, twanga majani laini, changanya na maji, umpe kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano, kwa upande wa mdomo, kidogo kidogo, akiwa amekaa, mpaka ameze. Lakini tumbo likiwa limevimba na gumu kama ngoma, usimlazimishe chakula. Mkimbizie daktari wa mifugo. Hapa Butembo, juu ya mita 1,700, usiku ni baridi, basi mzee huyo apate gunia kavu na asilale penye upepo. Kule Beni ni chini na joto zaidi, basi apate kivuli.

Na mambo mawili ya kukataza. Usimpe majani ya avoka, yana sumu kwa sungura. Wala usimnyweshe ampisilini au amoksisilini uliyonunua farmasi kwa ajili ya mtu. Dawa hizo, sungura akizimeza, huua vijidudu vyema vya tumbo lake, na yeye hufa kwa kuhara. Mtenge na wenzake, na unawe mikono kwa sabuni kila ukimgusa. Sisi watu wa Beni na Butembo hatuhitaji kufundishwa maana ya kunawa mikono. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola ilichukua watu zaidi ya 2,200 katika nchi yetu hii ya mashariki.

Nakuja kwenye swali la pili la mama yule, nalo ndilo zito. Watu wanauawa, na sisi tunahangaika na sungura?

Ndugu zangu, hatulinganishi. Roho ya mtu haina kifani. Tangu Oktoba 2014 tumezika wengi kule Beni, wengine bila kujua tunamzika nani. Na chakula cha mtoto hakitolewi sahanini kikapewa mnyama. Hilo nalo ni dhulma. Lakini majani ya njiani hayajatoka katika sahani ya mtoto. Yanataka mtu wa kuinama na kuyachuma tu.

Kisha kumbukeni yule mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa sababu ya mbwa. Yeye mwenyewe alikuwa na kiu kali. Alishuka kisimani akanywa, alipotoka akamwona mbwa anakula udongo kwa kiu. Akajisemea kwamba mbwa huyu amefikwa na kiu ileile iliyonifika mimi. Akashuka tena, akajaza kiatu maji, akakibeba kwa meno, akapanda, akamnywesha. Kiu yake ndiyo iliyomfundisha. Basi ni nani anayejua zaidi maana ya kufukuzwa, kukosa chakula, na kuambiwa huna faida hapa, kuliko aliyekimbia na watoto mgongoni? Mateso yetu yanaweza kuufanya moyo mawe, na yanaweza kuufundisha. Waliotuua walianza kwa kuona kwamba roho si kitu. Sisi tusiwafuate katika hilo, hata kwa roho ndogo.

Na binti yule aliyekesha, msimcheke. Leo anajifunza kungoja na mgonjwa asiyekula, kumpa kijiko kidogo kidogo, bila hasira na bila malipo. Kesho mgonjwa huyo atakuwa bibi yake, au mama yake, au mmoja wetu tuliokaa hapa tukiwa na ndevu nyeupe. Wazee wetu nao hufika siku wakasukuma sahani. Qur'ani imetukataza hata kuwaguna wazazi wakizeeka kwetu. Nyumba inayopima kila kiumbe kwa faida yake, itampima na mzee.

Mtaniuliza sungura yule aliendaje. Daktari wa mifugo alikuta jino limemkata shavu. Akalipunguza. Siku ya pili alikula majani ya kutwangwa, na sasa anakula yaliyokatwakatwa, polepole. Bado ni mzee, na siku yake itafika. Shemeji ndiye anayemchumia majani asubuhi, akipita kwenda kazini. Mwenyezi Mungu amlipe.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa kila mnyama tuliyemfunga tukamsahau. Warehemu wafu wetu wa Beni, wa Butembo na wa vijiji vyote. Waponye wagonjwa wetu, wape hamu ya kula walioikosa. Warudishe waliokimbia majumbani mwao kwa amani. Ilainishe mioyo yetu, wala usituache tukawa watu wasiohurumia wakakosa kuhurumiwa. Amin.

Simameni kwa sala.

Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe njiani. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.