Buluu ya Kilimia

Usiku mmoja huko Nakwa, mjini Babati, nilimwonesha mzee jirani picha niliyopiga ya Kilimia. Akaitazama, akatazama juu. "Mwanangu, buluu hii umeitoa wapi?"

Nikamjibu kwamba ipo. Vumbi lililo baina ya nyota zile huakisi nuru yao, na nuru hiyo imesafiri miaka ipatayo 440. Jicho haliwezi kuilimbikiza, kamera yaweza. Picha 100 zikipangwa juu kwa juu na kutafutiwa wastani, chenga hupungua hadi sehemu moja ya kumi, na kilichofifia hujitokeza. Hapo hapana uongo. Galileo naye, mwaka 1610, kwa darubini yake alichora nyota 36 pale ambapo macho matupu huona sita au saba.

Lakini mzee aliuliza zaidi ya nilichojibu. Rangi ile nilikuwa nimeivuta hadi ikalipita vumbi lenyewe, kwa sababu niliitamani. (Watunzi wa mashairi wanaijua hali hii: kina kikikosekana, huingia neno ambalo moyo haukulisema.) Kudhihirisha kilichopo na kupaka kinachotamaniwa ni kazi ya kitufe kile kile.

Nikarudi kwenye picha ghafi. Nikazigawa mafungu mawili, nikayatengeneza mbalimbali. Kilichotokea katika yote mawili nikakiacha. Buluu ilibaki, hafifu, mfano wa moshi wa jiko la mbali.