Mshale Kwenye Sifuri

Wiki ya kwanza niliamini kabisa kwamba nimeuziwa kamera mbovu. Niliinunua mtumba, Dar es Salaam, nikasafiri nayo kwa basi hadi Masasi, na huko ndiko vituko vilikoanza. Asubuhi miamba ya Masasi ilitoka myeupe kama imemwagiwa unga. Mchana watoto waliosimama mbele ya ukuta wa chokaa walitoka weusi, sura hazitambuliki. Jioni, ndani ya mgahawa, kila mtu alitoka na ukungu, muuza chai ana mikono minne. Kamera ile ile, mpigaji yule yule, siku moja.

Kumbe kamera ilikuwa nzima, mbovu nilikuwa mimi. Lakini katika kutafuta kosa langu niligongana na swali ambalo si la kamera peke yake, na mpaka leo sijalimaliza: kipimo kinapokwambia "hapa ni sawa," ni sawa kwa nani?

Nianze na ufundi kidogo, maana bila huo swali lenyewe halishikiki. Mwanga unaoingia kwenye picha unaongozwa na mambo matatu. La kwanza ni ukubwa wa tundu la lenzi. Hapa ndipo wanaoanza wengi tunapopotea, kwa sababu namba ikiwa kubwa tundu linakuwa dogo: 16 ni tundu dogo kuliko 4. Nilipambana na jambo hili siku mbili, hadi nilipokumbuka hesabu za shule ya msingi. Zile namba ni za chini ya mstari wa sehemu. Robo ya mkate ni kubwa kuliko kipande kimoja cha mkate uliokatwa mara kumi na sita. Basi.

La pili ni muda ambao shata inabaki wazi. Sehemu moja ya 1,000 ya sekunde humgandisha mtu anayekimbia. Sehemu moja ya 15 humwachia muuza chai mikono minne. La tatu ni ISO, yaani unyeti wa kamera kwa mwanga. Ukiipandisha unaona gizani, ila picha inajaa chembechembe kama mchanga. Ukipunguza hapa, unaongeza pale. Hakuna cha bure.

Sasa, nani anakwambia kwamba umetosheleza? Ndani ya kamera kuna mstari mdogo wenye sifuri katikati, na mshale unaocheza kushoto na kulia. Video zote nilizotazama zilinifundisha jambo moja: zungusha namba zako mpaka mshale ukae kwenye sifuri, halafu piga. Nikashika somo. Nikapanda gari kwenda Newala nikiwa na uhakika wangu.

Nilikuwa naandika habari ya kina mama wazee wanaokumbuka enzi za kuteremka bondeni kufuata maji, kwa sababu huku juu ya uwanda wa Makonde ardhi hunywa mvua yote na visima ni taabu. Mmoja wao, bibi wa makamo ya miaka themanini hivi, alikubali tukapige picha pale Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda, ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde linafunguka kuelekea Ruvuma na Msumbiji. Bibi ana nembo usoni, zile chale za Kimakonde za zamani, mistari iliyopangwa mashavuni na kwenye paji la uso. Wenye nembo hizo wamebaki wachache, na wote ni wa umri wake.

"Shikamoo Bibi. Simama hapo, uniangalie."

"Marahaba, mjukuu wangu. Lakini unipige vizuri. Nataka na mimi niwe nayo, ya kuwekwa siku ile."

Siku ile nilielewa ni siku gani. Kwetu picha ya marehemu hukaa mbele ya watu msibani, na familia isiyo na picha nzuri hukata kipande cha picha ya harusi ya mtu mwingine.

Ilikuwa saa tisa alasiri, anga nyuma yake inawaka. Nikazungusha namba, mshale ukatulia kwenye sifuri, nikapiga. Bonde lilitoka zuri ajabu, ukungu wa mbali, kijani juu ya kijani. Mbele yake kulikuwa na kivuli kilichovaa kanga. Nilimwonyesha Bibi. Akasogeza kioo karibu na macho, akatazama kwa muda.

"Hii ni picha ya bonde," akasema. "Mimi simo."

Nikaona aibu, nikajitetea kimoyomoyo kwamba mashine imesema sawa. Nikabadili upimaji ili kamera isome uso wake tu, si anga. Mshale sifuri, nikapiga tena. Safari hii anga ikawa karatasi tupu na uso ukaonekana, lakini umepauka, wa kijivujivu, nembo zimefifia kama maandishi yaliyofutwa. Bibi akacheka. "Na huyu ni nani? Umenipaka unga."

Picha mbili, zote kwenye sifuri. Ya kwanza imemfuta, ya pili imemgeuza mtu mwingine.

Niliporudi Masasi nikamtafuta mzee mmoja aliyewahi kuwa na studio mjini, enzi za filamu. Alizitazama picha zangu bila kushangaa. Akaniambia mita ya kamera haijui inachotazama. Haijui uso, haijui mpingo, haijui kanga nyeupe. Inakusanya mwanga uliopo na kuamini kwamba ulimwengu wote, kwa wastani, ni wa kijivu. Vitabu vya upigaji picha hukitaja kijivu hicho kuwa kinarudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Sifuri maana yake ni hiyo tu: nimekifanya ulichonionyesha kuwa kijivu. Weka kinyago cha mpingo mbele yake, itakifanya kijivu. Weka shuka jeupe, kijivu vilevile. Anga likijaa, italivuta anga chini hadi liwe kijivu, na aliyesimama mbele yake atazama gizani.

"Haikudanganyi," mzee alisema. "Inajibu swali ambalo hukuuliza."

Neno hilo limenikaa. Maana sisi waandishi tuna mita yetu, tunaiita uwiano. Mwaka 2018, serikali ilipoukataa bei za wanunuzi wa korosho na kuagiza jeshi likusanye zao hilo kwa shilingi 3,300 kwa kilo, niliandika habari za huku kusini. Aya tatu za maofisa, aya tatu za wakulima waliokuwa wanauliza fedha zitaingia lini. Nilijisifu: mshale uko katikati. Lakini ofisa ana kipaza sauti, ana taarifa iliyochapwa, ana gari la kumfikisha redioni. Yeye ni anga, kwenye mwanga wa kutosha hata bila mimi. Mkulima wa kijijini amesimama mbele ya anga hilo. Ukiwapa wote wawili kipimo sawa, unajua nani atazama. Sisemi uwiano ni upuuzi. Nasema wastani wa penye mwanga mwingi na penye mwanga kidogo si haki, ni hesabu tu.

Na kipimo chenyewe hakikudondoka kutoka mbinguni, kuna mtu alikiweka. Mzee alikumbuka kwamba filamu za rangi za zamani zilikuwa na taabu na ngozi zetu. Picha ya harusi ya watu weusi ilihitaji mwanga wa ziada hadi bibi harusi analia machozi kwa taa. Hilo lina historia inayojulikana. Kwa miongo mingi maabara zilizosafisha filamu za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine iko sawa. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza kwamba msukumo mmojawapo wa kuboresha kahawia za filamu ulitoka kwa watengeneza samani na chokoleti, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautishwi kwenye matangazo. Yaani meza ilisikilizwa kabla ya bibi harusi.

Msomaji mwenye simu mpya atasema hayo yamepitwa na wakati: simu hupiga picha kadhaa kwa mpigo, ikaziunganisha, anga linabaki na uso unabaki. Kweli, inasaidia, na flashi pia ingenisaidia kama ningekuwa nayo. Lakini hapo kuna mtu kiwandani ameshaamua uso ung'ae kiasi gani. Uamuzi haujaondoka, umehama mkono.

Ila nisije nikaangukia upande wa pili na kudai kwamba ukipatia mwanga umetenda haki. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alifika Masasi na Newala akiwa na kamera, mashine ya kunasa sauti na hata kamera ya sinema. Majeraha ya Maji Maji yalikuwa mabichi. Mwaka mmoja tu nyuma, 1905, misheni ya Masasi ilikuwa imechomwa moto. Kitabu chake kilitoka 1908, na picha zake bado zinatazamwa. Katika baadhi yake ndonya na nembo zinaonekana wazi, jambo ambalo mimi na kamera yangu ya kidijitali tulishindwa. Lakini chini ya nyingi kumeandikwa kabila, jina hakuna. Mwanga wameupata, wao wenyewe hawamo. Kwa hiyo kumwona mtu si suala la namba tatu peke yake. Namba ni mlango tu, kuna anayeingia kusalimia na kuna anayeingia kuhesabu vyombo.

Mzee alinifundisha njia aliyoitumia yeye. Mwambie mtu ainue kiganja karibu na shavu, kwenye mwanga uleule unaouangukia uso. Pima kiganja. Viganja vya watu havitofautiani sana kama nyuso zao zinavyotofautiana, na vinang'aa zaidi kidogo ya kile kijivu cha kamera. Kwa hiyo ukishapima ongeza hatua moja ya mwanga, yaani maradufu, halafu usiusikilize mshale tena hata ukipiga kelele.

Wiki iliyofuata nikarudi Newala. Bibi akainua kiganja kama anayekula kiapo, nikapima, nikaongeza, nikapiga. Mshale ulikuwa umekimbilia kulia, mbali na sifuri. Kwenye kioo uso wake ulikuwa mweusi kama ulivyo, unang'aa pale jua lilipogusa paji, na nembo zote zipo, mstari kwa mstari. Nyuma yake bonde lilikuwa limepotea katika weupe. Alitazama, hakusema kitu, akaniomba nimwonyeshe tena.

Hapa ningependa hadithi iishie, lakini haikuishia.

Mhariri alitaka picha moja. Habari ilikuwa ya maji, ya bonde, ya mteremko waliouteremka wakiwa na vyungu. Picha ya tatu haikuwa na bonde. Ya kwanza ilikuwa nalo, zuri la kuvutia macho, na mwanamke mwenye kanga mbele yake. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikaa na zile picha mbili kwa nusu saa, nikajiambia mada ni maji, nikatuma ya kwanza. Ilichapishwa kwa ukubwa. Watu waliisifu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza yule mwanamke anafananaje.

Naweza kuitetea. Kila picha yenye anga linalowaka na uso kivulini hukulazimisha kupoteza kimoja, na kuna siku bonde ndilo lenye kusema. Kama ningetuma ya tatu, msomaji asingeelewa ukubwa wa ule mteremko, na taabu yao ingebaki maneno. Hoja hiyo ina uzito, na sijaitupa. Kinachonisumbua ni kwamba sikuipima wakati ule. Nilipofungua zile picha, ile ya kwanza ilionekana "sahihi" na ile ya tatu ilionekana "imeungua," na nikafuata jicho lililofundishwa na mshale. Uamuzi wangu ulikuwa umeshafanywa kabla sijaufanya. Kama ningepoteza uso wake kwa kujua, ningeweza kumweleza. Kupoteza kwa mazoea hakuna maelezo.

Picha ya tatu niliisafishisha Masasi, nikaiweka kwenye fremu, nikampa dereva wa gari la Newala. Siku mbili baadaye mjukuu wake akanipigia, akampa Bibi simu. Akashukuru sana, akasema ameitundika ukutani, kila anayeingia anaonyeshwa. Halafu akauliza, "Na gazetini nimetoka?"

Nikamjibu ndiyo Bibi, umetoka.

Bado sijampelekea nakala.