Habari za Mtoto ni Mali ya Nani?

Mzazi mmoja wa usharika wetu alinijia akiwa na neno moyoni. Shule ya binti yake ilikuwa imeweka katika intaneti picha ya darasa, pamoja na majina na alama za mtihani, na binti yake alikuwa wa mwisho. Alipolalamika aliambiwa, “Mzee, si ulitia sahihi siku ya kumwandikisha?” Kweli alitia, bila kusoma. Akaniuliza, “Mchungaji, je, kosa ni langu?”

Sikumjibu upesi, maana mimi mwenyewe nalituma kwa simu picha za watoto wa kipaimara, na majina yao chini yake, wala sikumwuliza hata mmoja.

Twadhani kwamba mtoto akiwa wetu, basi na habari zake ni zetu. Lakini aliyewekewa amana haigawi apendavyo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu yakataza kutumia habari za mtoto pasipo idhini ya mzazi au mlezi; tena yataka zitumiwe kwa namna inayolinda haki za mtoto na kumfaa. Liangalieni hilo neno la pili: idhini ya mzazi peke yake haitoshi. Mwaka 2023 shule moja ya huko ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina sheria ya kulinda habari za watu, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Mtoto wa miaka saba hawezi kupima mambo haya. Mzazi humpimia, lakini kwa faida ya mtoto. Na wengi wetu (nami nimo) twawaonyesha watoto ili sisi tusifiwe.

Wengine husema, “Likiharibika tutafuta.” Desemba 2024 wezi waliiba habari za wanafunzi wa Marekani na Kanada zilizotunzwa na kampuni ya PowerSchool. Kampuni ililipa, ikaahidiwa kwamba zimefutwa. Hata hivyo Mei 2025 baadhi ya shule zilidaiwa fedha kwa habari zilezile.

Siku ya tatu nalimjibu mzazi yule: “Kutia sahihi bila kusoma ni kosa lako. Lakini sahihi yako haikuwapa ruhusa ya kumwaibisha mtoto. Rudi ukawaambie hivyo.” Akaenda, na orodha ikaondolewa. Nami nimewaandikia wote niliowatumia picha zile za kipaimara wazifute. Wengine wamenijibu.