Jibu la Hapana

Mtu akitumwa kutafuta sababu ya jambo, akarudi akisema, "Kwa njia hii sikuiona," je, kazi yake ni bure? Mwalimu mmoja aliniuliza neno hili, nami naona vema kulijibu kwa habari za Ernst Ising.

Huyu alizaliwa Ujerumani mwaka 1900. Katika mji wa Hamburg mwalimu wake, Wilhelm Lenz, alimpa swali: chuma huwaje sumaku? Tuseme ndani yake mna chembe nyingi, kila moja ni sumaku ndogo iwezayo kuelekea juu au chini tu, nayo hupenda kufuata jirani yake. Je, zote zaweza kuelekea upande mmoja pasipo kuvutwa na kitu cha nje? Ising alizipanga katika mstari mmoja, akapiga hesabu, akaona: la. Maana joto, hata likiwa dogo, huzitikisa daima. Fikirini wapagazi katika njia nyembamba: mmoja akigeuka, walio nyuma humfuata, kwa kuwa hawana mwingine wa kumtazama. Hayo aliyaandika mwaka 1924, akapata udaktari (wa elimu, si wa dawa).

Lakini aliongeza neno ambalo hesabu yake haikulithibitisha. Alidhani hata chembe zikipangwa pande zote, jibu ni lile lile. Hapo alikosa. Penye watu wengi uwanjani, mmoja akigeuka, majirani wa kila upande humrudisha. Mwaka 1936 Rudolf Peierls alionyesha ya kuwa chembe zilizotandazwa kama mkeka zaweza kushikamana joto likipungua, na mwaka 1944 Lars Onsager akaikamilisha hesabu yake.

Ising mwenyewe hakuwa na habari. Mwaka 1933, Hitler alipotawala, aliondolewa katika ualimu kwa kuwa ni Myahudi. Mwaka 1939 akakimbilia Luxembourg. Huko alichunga kondoo, tena akalazimishwa kufanya kazi ya reli. Alifika Marekani mwaka 1947, na miaka miwili baadaye ndipo aliposikia ya kuwa wenye elimu wanalitaja jina lake.

Mimi nasema: alilolipima lasimama hata leo, na alilolidhani limeanguka, nayo yote mawili yalitoka katika mkono mmoja. Waliokuja nyuma walipata pa kuanzia kwa kuwa aliiandika hesabu yake wazi, hata wakapaona mahali alipovuka mpaka.

Yule mwalimu hakuridhika. Asema aliyekosa asisifiwe. Nikamwuliza kama yeye angethubutu kuandika "hapana" katika taarifa yake ya mwaka. Hajanijibu.