Mlima Mmoja, Sadaka Mbili

Mwaka 2018 ilipotoka filamu ya Avengers: Infinity War, watazamaji wengi waliondoka ukumbini kimya. Walizoea kuona mashujaa wakishinda. Safari hii aliyeshinda ni Thanos, jitu lililokusanya mawe sita yenye nguvu za ajabu, likapiga vidole vikalia, na nusu ya viumbe hai wote wakapeperuka kama vumbi. Sababu yake ilikuwa kwamba viumbe ni wengi mno na riziki haitoshi. Katika katuni za mwaka 1991 ambazo kisa hiki kilichotwa humo, Thanos alifanya hivyo ili kumpendeza Mauti, aliyechorwa kwa umbo la mwanamke. Watengenezaji wa filamu walimpa hoja badala ya tamaa, na hoja ile ikapata wafuasi. Baadhi ya mashabiki walianza kusema, wengine kwa utani na wengine bila utani, kwamba Thanos alikuwa sahihi. Usemi huo ulienea hata mwaka 2021, katika tamthilia ya Hawkeye, ukaonyeshwa umeandikwa kwenye kikombe.

Huenda msharika akauliza mambo haya yanahusianaje na imani. Vijana wetu wanazitazama filamu hizi kwenye simu na katika vibanda vya video, na wanapozijadili huzijadili kwa bidii ambayo hatuioni mara nyingi katika vipindi vyetu vya mafundisho. Tukiwasikiliza kwa subira tunagundua kwamba wanabishana juu ya mambo ya zamani sana: nani afe ili nani aishi, na nani mwenye haki ya kuamua. Kayafa alilijibu swali hilo katika Yohana 11, alipoona kwamba kumpoteza mtu mmoja ni nafuu kwa taifa zima. Hakuwa na mawe sita, lakini hesabu yake ilikuwa ya aina ileile.

Ubishi wa mashabiki unaotuhusu zaidi, hata hivyo, haukuhusu nusu ya viumbe. Ulihusu msichana mmoja aliyetupwa kutoka mlimani.

Ili apate jiwe mojawapo, Thanos alipanda mlima katika sayari iitwayo Vormir akiwa na Gamora. Huyu alikuwa binti aliyemchukua angali mdogo, baada ya kuwaua nusu ya watu wa kwao, akamlea kama mwanawe. Huko juu mlinzi wa jiwe akamweleza sharti: anayelitaka lazima ampoteze ampendaye. Gamora alicheka, kwa kuwa aliamini Thanos hampendi mtu yeyote. Kisha akaona machozi usoni mwa Thanos, akaelewa. Thanos akamburuta mpaka ukingoni, akamtupa. Jiwe akalipata.

Mwaka uliofuata, katika Avengers: Endgame, watu wengine wawili walisimama ukingoni hapohapo wakiambiwa sharti lilelile. Walikuwa Natasha Romanoff na Clint Barton, marafiki wa miaka mingi. Clint alikuwa amepoteza mke na watoto watatu Thanos alipopiga vidole, na jiwe lile lilikuwa sehemu ya njia ya kuwarudisha wote waliotoweka. Hawakubishana nani amtupe mwenzake. Walipigana mwereka, kila mmoja akitaka kumzuia mwenzake ili afe yeye. Mwishowe Natasha alijinasua katika mkono wa Clint, akaanguka. Jiwe likapatikana mara ya pili.

Mashabiki waligawanyika. Wengine walisema Thanos alimpenda Gamora kweli, kwani asingempenda jiwe lisingetolewa, na machozi yake yalikuwa ushahidi. Wengine walikasirika. Walisema mtu aliyeua ndugu za mtoto, akamlea kwa hofu, kisha akamtupa kwa faida ya mpango wake mwenyewe, hawezi kuitwa mwenye upendo, na kwamba hadithi inayomwita hivyo inawafundisha watu vibaya. Sisi tunadhani hawa wa pili wameona jambo ambalo hata mimbari zetu hulipitia haraka.

Lugha yetu inalionyesha kwa silabi moja tu. Tunasema kutoa, na tunasema kujitoa. Thanos alitoa. Natasha alijitoa. Mlima ni uleule, sharti ni lilelile, hata jiwe ni lilelile, lakini matendo mawili yale yako mbali kama mauaji yalivyo mbali na upendo. Machozi hayawezi kuiziba nafasi iliyo kati yao.

Maandiko yanamjua mtu aliyelia namna ile. Katika Waamuzi 11 Yeftha aliweka nadhiri apate ushindi vitani, na aliporudi binti yake wa pekee akatoka kumlaki kwa matari na kucheza. Yeftha alirarua mavazi yake. Uchungu wake ulikuwa wa kweli, wala hatuna sababu ya kuutilia shaka. Lakini hata katika uchungu ule alizungumza kana kwamba binti ndiye aliyemletea taabu, na aliyelipa gharama ya nadhiri si yeye aliyeiweka. Mika naye, katika sura ya 6, anauliza kama Bwana atapendezwa na mzaliwa wa kwanza akitolewa kwa ajili ya kosa la mzazi, na jibu lake ni kuelekeza watu kwenye haki, rehema na unyenyekevu. Katika Yeremia 7 Mungu anasema kuchoma watoto motoni ni jambo ambalo hakuliagiza, wala halikumwingia moyoni.

Watu wetu hawahitaji nabii awafafanulie hili. Mtu akitajirika ghafla huku amezika mtoto, minong'ono huanza kwamba amemtoa kafara. Mara nyingi minong'ono hiyo ni uzushi unaoumiza wafiwa, na Mkristo asiushiriki. Lakini chuki iliyo ndani yake inalenga kitu cha kweli: hakuna baraka inayoweza kununuliwa kwa uhai wa mtu ambaye hakuulizwa.

Hapa msharika makini atatusimamisha. Je, Mungu hakufanya vivyo hivyo? Hatuhubiri kila mwaka katika Ijumaa Kuu kwamba Baba alimtoa Mwanawe? Tofauti ya Baba wa mbinguni na yule wa Vormir iko wapi?

Swali hilo ni la haki, na tusiwakemee vijana wanaoliuliza. Kama msalaba ungekuwa habari ya mtu mmoja mwenye nguvu aliyemsukuma mwingine ukingoni ili apate anachokitaka, basi tungekuwa na kila sababu ya kuukimbia. Lakini Injili haisemi hivyo. Katika Yohana 10 Yesu anasema kwamba hakuna amnyang'anyaye uhai wake, bali anautoa mwenyewe. Huko Gethsemane aliogopa, akaomba kikombe kimwepuke, na hofu yake haikufichwa. Alipokwenda, alikwenda kwa hiari yake. Na Paulo, katika 2 Wakorintho 5, anatuambia kwamba Mungu alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Yaani hakubaki juu ukingoni akitazama. Tunakiri Mungu mmoja katika Nafsi tatu, na kwa hiyo tunakiri kwamba pale Golgotha Mungu hakumtupa mtu wa tatu ili deni liishe. Alishuka mwenyewe. Abrahamu alipoinua kisu mlimani Moria, Mungu aliuzuia mkono wake. Ulipofika wakati wa sadaka iliyo ya kweli, mwenye mlima alijitoa mwenyewe.

Wala tusimfanye Natasha kuwa Kristo. Yeye alikufa kwa ajili ya rafiki na kwa ajili ya waliopotea aliowapenda. Warumi 5 inasema Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi, hata adui zake. Hadithi ya filamu inafika mlangoni na kuishia hapo. Lakini mtu aliyefikishwa mlangoni na hadithi nzuri hajapoteza muda wake.

Ni rahisi kumhukumu Thanos. Ni vigumu zaidi kutazama nyumbani. Sisi wachungaji tunapenda kusema kwamba tumejitoa kwa kazi ya Bwana. Ni kweli kwa sehemu. Lakini tukijipima kwa silabi ile moja, wengi wetu tutakuta kwamba tulijitoa kidogo na kuwatoa wengine sana. Tulikubali kuhamishwa, na mama mchungaji akaacha kazi yake bila kuulizwa. Tulikuwa katika semina na vikao, na watoto wakakua wakitusikia tukiwaombea watoto wa watu wengine. Jioni tulichoka, na uchovu wetu tukauita msalaba, na waliobeba msalaba wenyewe walikuwa jikoni. Tulihuzunika, ndiyo. Hata Yeftha alihuzunika.

Jambo hili si la wachungaji peke yao. Kuna nyumba ambamo binti aliacha shule ili kaka yake aendelee, na miaka yote familia husema kwamba dada alijitolea. Alikuwa na miaka kumi na minne. Nani alimuuliza? Kuna mzaliwa wa kwanza anayesifiwa kwenye kila sherehe ya ukoo kwa kuwa alivaa viatu vya baba, na sifa zile zinamfunga mdomo asiseme kwamba alitamani kuishi maisha mengine. Tunaporembesha kutoa kwa jina la kujitoa, tunamnyima mtu hata haki ya kulia.

Mashabiki waliona jambo jingine tena. Katika Endgame yupo shujaa mwingine aliyejitoa, Tony Stark, naye alifanyiwa mazishi ya heshima, mashujaa wote wakisimama kando ya ziwa. Natasha aliliwa na marafiki wachache kwa dakika chache, na filamu yake mwenyewe ilikuja mwaka 2021, mhusika akiwa ameshakufa. Wengi waliuliza kwa nini mwanamke asiye na watoto ndiye aliyejiona kuwa wa kulipa. Swali hilo linaweza kuulizwa katika usharika wowote. Wapo ambao tumewafundisha tangu utoto kwamba kujitoa ni kazi yao, na tunapowaona wanajitoa tunaita hiari. Mtu asiyeweza kukataa hajapewa nafasi ya kukubali.

Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo, aliweka mambo mawili pamoja: Mkristo kwa imani yu huru, hayuko chini ya yeyote, na kwa upendo ni mtumishi wa wote. Uhuru unatangulia. Anayetumikia kwa sababu ametishwa, au kwa sababu hajui kwamba anapendwa bila kutumikia, hajaonja bado habari njema. Kazi ya kanisa ni kumhakikishia kwanza kwamba hakuna anachodaiwa mlimani. Waebrania inasema sadaka ya Kristo ilitolewa mara moja tu, na inatosha. Hakuna mtoto wa kuongezwa juu yake, wala mke, wala dada.

Basi kabla hatujasema tena kwamba tumejitoa, turudi nyumbani tukawaulize wale ambao hatukuwauliza. Huenda imepita miaka, na jibu litauma. Tuketi tulisikie mpaka mwisho, bila kujitetea na bila kuwaonyesha machozi yetu kama ushahidi. Na wakituomba kurudishiwa kitu kinachoweza bado kurudishwa, nafasi ya kusoma, jioni moja nyumbani, neno la kuomba radhi, tukitoe. Hicho ni chetu, na tunaweza kukitoa sisi wenyewe.